Matanga Yakianuliwa, Mfiwa Hubaki na Nani?

Msiba unapotokea kwetu, hakuna anayehitaji kufundishwa la kufanya siku ya kwanza. Kabla jua halijatua turubai limefungwa, majirani wameleta viti na masufuria, mikeka imetandikwa ndani, na daftari la rambirambi limefunguliwa. Jioni wanajumuiya wanafika kusali rozari na kuimba. Hili ni jambo jema, na tumshukuru Mungu kwa ajili yake.

Lakini juma moja baada ya mazishi turubai limeshushwa, wageni wamepanda mabasi yao, na mama aliyefiwa amebaki na watoto, madeni na kitanda chenye nafasi tupu. Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi na kutumika katika jumuiya tumeona mara nyingi kwamba siku iliyo ngumu kuliko zote si ile ya mazishi. Siku ile mfiwa bado amepigwa na bumbuwazi, na nyumba imejaa watu. Uchungu wenyewe huja nyumba inapokuwa kimya. Wahenga walisema: mwenye kovu usidhani kapoa.

Kazi ya jumuiya

Maaskofu wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1973, na tena mwaka 1976, walikusudia kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, yaani nyumba za majirani wanaojuana kwa majina na kwa shida zao. Padre mmoja hawezi kuwazungukia wafiwa wote wa parokia kila juma. Nyumba kumi au kumi na tano zinazojuana zinaweza.

Tukumbuke pia kwamba katika Matendo ya Mitume sura ya 6, manung'uniko yaliyowafanya mitume watake wachaguliwe watu saba wa kuhudumu yalihusu wajane waliokuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakusema kila mmoja awasaidie anapopata nafasi. Walitaka wanafunzi wachague watu, nao wakawakabidhi kazi hiyo.

Nasi tufanye vivyo hivyo. Kabla watu hawajatawanyika kwenye matanga, jumuiya ichague akina mama wawili wa kumtembelea mfiwa. Mwezi wa kwanza waende mara mbili kwa juma, kisha mara moja kwa juma mpaka miezi mitatu itimie, halafu mara moja kwa mwezi hadi mwaka uishe. Waandike katika daftari siku zitakazomuumiza: siku ya kuzaliwa ya marehemu, siku ya ndoa yao, Noeli ya kwanza bila yeye, na tarehe 2 Novemba, Siku ya Marehemu Wote.

Tuseme nini?

Rafiki watatu wa Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Hapo walimfaa sana. Walianza kumwumiza walipofungua vinywa vyao na kumweleza sababu za mateso yake. Yesu naye alilia kwenye kaburi la Lazaro, ingawa alijua kwamba atamfufua. Basi tusimkataze mfiwa kulia.

Tuache maneno kama "jikaze, una watoto", "Mungu alimpenda zaidi", au "wewe bado kijana, utazaa mwingine". Afadhali kumwambia, "Pole, mama, nimekuja kukaa nawe," kisha kushika ufagio au kuchota maji. Tusiogope kulitaja jina la marehemu. Wafiwa wengi wanatuambia kuwa kinachowauma ni kuona watu wote wameliacha jina hilo.

Mama aliyefiwa na mtoto mchanga

Huyu husahauliwa upesi, kwa kuwa watu wachache walimwona mtoto wake. Lakini mwili wake haujui kwamba mtoto hayupo. Siku chache baada ya kujifungua maziwa hujaa, naye hulia upya. Avae sidiria inayomshika vizuri, aweke kitambaa chenye maji baridi, na akamue kidogo tu pale matiti yanapouma. Asifungwe kanga kwa kukazwa. Akipata homa, au titi likiwa jekundu na kuuma, aende zahanati. Tena asiache kurudi kupimwa baada ya kujifungua. Wengi huona haya kukaa kwenye benchi pamoja na wenye watoto, kwa hiyo mmoja wetu amsindikize.

Kama mtoto alifariki kabla ya kubatizwa, wazazi wasikate tamaa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1183, inamruhusu Askofu kukubali mtoto huyo azikwe kwa ibada ya Kanisa ikiwa wazazi walikusudia kumbatiza. Wamwone Paroko mapema.

Tusiwafiche pia waliofiwa na mtu aliyejiua. Katekisimu ya mwaka 1992 inatufundisha tusikate tamaa juu ya wokovu wa watu hao, na Kanisa linawaombea. Familia hizi zinahitaji kutembelewa kuliko nyingine, maana aibu huwafungia ndani.

Watoto nao wamefiwa

Mtoto akiambiwa kwamba baba amesafiri, atamngoja mlangoni. Akiambiwa baba amelala, ataogopa kulala. Aambiwe kwa maneno mepesi: baba amekufa, mwili wake haufanyi kazi tena, hatarudi, nasi tutakutunza. Mtoto mdogo atauliza swali lilelile mara nyingi, kwani bado haelewi kwamba kifo hakina kurudi. Ajibiwe kwa upole kila mara. Akianza kukojoa kitandani au kushuka darasani, asichapwe. Mwalimu wake aelezwe.

Dalili za kuangalia

Kulia, kukosa usingizi na kukosa hamu ya kula siku za mwanzo ni mambo ya kawaida. Lakini mkimwona mfiwa ameacha dawa zake za shinikizo la damu, kisukari au ARV, ameanza kunywa pombe ili alale, au haogi wala kuwapikia watoto kwa majuma kadhaa, mpelekeni kituo cha afya. Akisema anatamani kumfuata marehemu, msimwache peke yake hata saa moja, na mwende naye siku hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, linatambua majonzi makali yanayozidi miezi sita na kumzuia mtu asiweze kuishi maisha yake kuwa ni ugonjwa. Basi tusimwambie mtu huyo kuwa imani yake ni haba. Sala na tiba huenda pamoja.

Karatasi za marehemu

Hapa wajane wengi huumizwa. Katika Tanzania Bara kifo huandikishwa RITA, na sheria inataka kiandikishwe ndani ya siku 30. Bila cheti cha kifo ni vigumu kufungua mirathi au kudai mafao. Tumsindikize mama huyo, na tumshauri asitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi asiyoielewa, hata ikiletwa na shemeji aliye mpole. Akiwa na wasiwasi, amwendee Paroko au msaidizi wa sheria kwanza.

Akina mama wenzetu, katika jumuiya yenu yupo aliyefiwa miezi minne au mitano iliyopita, ambaye sasa hakuna anayebisha hodi kwake. Mnamjua. Mwende kwake juma hili, mkiwa wawili, na unga kidogo mkononi. Mkeshe kidogo naye, msali fungu moja la rozari, na kabla ya kuaga mmwambie siku mtakayorudi. Kisha mrudi siku hiyo.