Filamu za Katuni Zinavyosaidia Kuhifadhi Michoro ya Dunhuang

Michoro ya ukutani katika mapango ya Mogao, karibu na mji wa Dunhuang kaskazini magharibi mwa China, inachakazwa taratibu na watu wale wale wanaosafiri kwenda kuistaajabia. Pumzi za wageni huongeza unyevu na hewa ukaa ndani ya mapango. Unyevu huo huamsha chumvi iliyomo ukutani, na hatimaye rangi hubanduka.

Mapango hayo yalianza kuchongwa mwaka 366. Yenye michoro ni 492, na UNESCO iliyatambua kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1987.

Tangu mwaka 2014, wageni huanzia katika kituo kilichojengwa mbali na mapango, ambako huoneshwa filamu mbili, moja ikirushwa kwenye ukumbi wa kuba. Wanapofika pangoni huwa wameshaelewa watakachokiona, hivyo muda wa kukaa humo hupungua.

Hata hivyo, matumizi ya picha jongefu kwa michoro hiyo yalianza zamani zaidi. Mwaka 1981, studio ya filamu za katuni ya Shanghai ilitoa filamu ya Kulungu wa Rangi Tisa, iliyotokana na mchoro wa pango namba 257. Kisa chake ni cha kulungu aliyemwokoa mtu aliyekuwa akizama mtoni, akamwomba asimwambie yeyote mahali anapoishi. Mfalme alipotangaza zawadi, mtu huyo alimsaliti.

Ukutani, kisa hicho hakisomwi kwa mfuatano wa kawaida. Uokoaji umechorwa upande mmoja na usaliti upande wa pili, na pande zote mbili zinaelekea katikati, ambako kulungu amesimama wima mbele ya mfalme. Filamu ilifuata rangi na maumbo ya Dunhuang, lakini ilisimulia tukio baada ya tukio. Mtoto anaelewa kisa mara moja; mpangilio wa mchoraji wa kale haumfikii.

Kwa sababu hiyo, katuni peke yake haitoshi kuwa kumbukumbu. Wataalamu wa Dunhuang hupiga pia picha za kidijiti za kila sehemu ya ukuta na kuziunganisha kuwa picha moja kamili, na mwaka 2016 picha za mapango 30 ziliwekwa kwenye intaneti, ambako mtu yeyote anaweza kuzitazama bila kuvuta pumzi pangoni.