Rureke wa Bese: Hadithi Yajulikana, Msimulizi Amesahauliwa

Katika vyuo vikuu vya Marekani, vijana wasomao tenzi za kale hufundishwa habari za Mwindo, mtoto shujaa wa Wanyanga wa Walikale. Wasoma juu ya baba yake na shangazi yake, juu ya misitu na mito ya kwetu. Lakini tukiwauliza watoto wetu wenyewe, hapa Masisi na Walikale, ni nani aliyeitoa hadithi hiyo kinywani mwake, twaogopa ya kuwa wengi watanyamaza. Basi yafaa leo tumtaje. Ni Candi Rureke, mtu wa kijiji cha Bese.

Rureke alikuwa shekarisi. Wanyanga huuita utenzi mrefu wa namna hiyo karisi, na yeye aujuaye vema ndiye shekarisi. Elimu hiyo hakuzaliwa nayo. Ujanani alimfuata ndugu yake wa upande wa mama, Kanyangara, akimsaidia na kumsikiliza, hata maneno yakamkaa moyoni. Wala shekarisi hakuketi tu na kusema. Alisimulia, akaimba, akacheza, akaigiza; wenzake wakapiga mlio kwa vijiti, na wasikilizaji wakaitikia nyimbo zake.

Mwaka 1956 Mbelgiji Daniel Biebuyck, mtaalamu wa mila, alimwomba ausimulie utenzi wote, tangu mwanzo hata mwisho. Rureke alisitasita, maana hakuwahi kuutoa wote mfululizo. Desturi ilikuwa kusimulia sehemu moja leo, na nyingine siku nyingine. Mwishowe akakubali. Kwa siku 12, tangu asubuhi hata jioni sana, yeye alisimulia, na Biebuyck pamoja na Amato Buuni na Stephano Tubi wakaandika.

Je, alisimulia nini? Shemwindo, mwami wa Tubondo, aliwaamuru wake zake saba wasizae ila mabinti. Lakini mke wake mpendwa akamzaa Mwindo, mtoto aliyetembea na kusema mara alipozaliwa. Baba akataka kumwua. Akamfungia ndani ya ngoma, na ngoma ikatupwa majini. Mwindo akasafiri chini ya maji mpaka kwa shangazi yake Iyangura, naye akaipasua ngoma ile na kumwokoa. Baadaye mwana alimshinda baba yake, lakini hakumwua. Alimrudisha nyumbani, wakapatana, wakagawana nchi. Hata hivyo, Mwindo alikuwa mtu wa kujisifu. Kwa hiyo Nkuba, bwana wa radi, alimpandisha juu angani, akamtesa kwa baridi na kwa jua mpaka akajifunza unyenyekevu. Ni mzazi gani kwetu asiyetaka watoto wake wasikie maneno kama hayo?

Mwaka 1969 Chuo Kikuu cha California kilitoa kitabu cha utenzi huo. Waliokitengeneza na kukifasiri ni Biebuyck na Kahombo Mateene, Mnyanga mtaalamu wa lugha, ambaye baadaye aliongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika huko Kampala. Tusiwalaumu. Pasipo kalamu yao tungekuwa na nini leo? Tena Biebuyck alimtaja Rureke kwa heshima ndani ya kitabu. Lakini mwanzoni mwake yameandikwa majina ya wataalamu wale wawili, na hayo ndiyo yanayokumbukwa na wengi. Hivyo hadithi ilivuka bahari, na mwenye kinywa akabaki nyuma.

Jambo hili halikutupata sisi peke yetu. Kule Marekani palikuwa na mwanamke mweusi, Zora Neale Hurston, aliyezunguka vijijini akikusanya hadithi za watu wake, kisha akatunga riwaya zilizosomwa na wengi. Riwaya yake iliyo mashuhuri kuliko zote ilitoka mwaka 1937. Lakini alipofariki mwaka 1960 alikuwa maskini, vitabu vyake havikuchapwa tena, na kaburi lake halikuwekewa jina. Mwaka 1973 mwandishi kijana, Alice Walker, alikwenda Florida kulitafuta. Ili watu wamsaidie alijiita mpwa wake, ingawa hawakuwa ndugu wa damu. Akaingia katika magugu ya makaburi yaliyoachwa, akapaona mahali, akaweka jiwe lenye jina. Baadaye vitabu vya Zora vilichapwa tena, na leo vinasomwa ulimwenguni kote.

Sasa twauliza: Rureke naye atampata nani wa kujiita mpwa wake? Na wale wengine, mama zetu na nyanya zetu waliotulaza usiku kwa hadithi, bila mgeni yeyote wa kuwaandika? Tangu mwaka 1993 vita vimewatoa watu wengi wa Masisi na Walikale katika vijiji vyao. Mtu akimbiapo huchukua mtoto na sufuria. Moto wa jioni, ambapo wazee walikuwa wakisimulia, hauchukuliki. Mzee akifa mbali na kwao, hadithi zake huzikwa pamoja naye.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi, enyi wazazi, mpeni daftari mtoto wenu ajuaye kuandika. Jioni aketi karibu na babu au nyanya, aandike hadithi moja kama isemwavyo, katika lugha ya nyumbani. Na chini yake asisahau kuandika jina la msimulizi, kijiji chake, mwaka, na jina la yule aliyemfundisha. Rureke alimtaja Kanyangara, na kwa sababu hiyo Kanyangara naye tumemjua leo. Daftari la senti chache latosha kwa kazi hiyo, maadamu mzee yu hai na anaulizwa.