Kazi ya Mtoto Ibaki Mkononi mwa Mtoto

Wazazi wa Kenya wanaijua hekaheka ya Jumapili jioni. Mtoto wa Gredi ya Nne anakumbuka kwamba kesho anatakiwa kupeleka shuleni sanamu ya kuwingia ndege, na nyumba nzima inahangaika. Baba anatafuta misumari, mama anashona, mwenye uwezo anamlipa fundi. Asubuhi mtoto anabeba kazi safi, iliyonyooka, ambayo hakuigusa.

Mtaala wa umilisi (CBC), ulioanza kutumika nchi nzima mwaka 2019, umeuweka ubunifu miongoni mwa umilisi saba wa msingi. Nao mfumo uliotangulia wa 8-4-4, ulipoanza mwaka 1985, ulikuja na sanaa na ufundi, muziki na sayansi kimu. Masomo hayo yalipoacha kutahiniwa katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, baada ya mapitio ya mtaala ya 2002, katika shule nyingi vipindi vyake vilimezwa na marudio ya hisabati na Kiingereza. Yalibaki kwenye ratiba ya ukutani tu.

Leo muda wa kuunda vitu umerudi, lakini anayeunda ni mtu mzima. Tathmini za shuleni huchangia asilimia 60 ya matokeo ya Gredi ya Sita, na hofu ya alama inatufanya tumnyang'anye mtoto lile hasa linalomfaa: kukwama. Mtazame anayetengeneza kigari cha waya mtaani. Anakata ndara kuukuu apate magurudumu. Waya unapinda, gurudumu linagoma kuzunguka. Analitoa, analichonga upya, kisha anafunga kijiti kirefu cha usukani ili aliendeshe gari lake akiwa wima. Kila uamuzi ni wake, na ndiyo maana gari la mwenzake halifanani na lake hata kidogo.

Mwalimu mwenye watoto 60 darasani hawezi kumfuatilia kila mmoja hivyo, na si haki kumtupia yeye lawama zote. Anachoweza ni kuagiza kazi ifanyiwe darasani kwa vifaa vya kuokota: vifuniko vya chupa, katoni, udongo, majani ya mgomba. Amwulize pia mtoto ameiundaje kabla ya kutia alama. Aliyefanyiwa na fundi atainamisha kichwa; aliyeiunda mwenyewe hatampa mwalimu nafasi ya kupenyeza neno.

Nasi wazazi tukae karibu, tushike kisu penye hatari, tujibu tukiulizwa. Sanamu ikiegemea upande, iende shuleni hivyo hivyo.