Malezi ya kambo yenye tiba yanavyoweza kumfaa kijana wa Kinakomba

KIJANA aliyefiwa na wazazi hufikisha umri wa miaka 18 sawa na mwingine yeyote, ila siku hiyo humjia na mzigo ambao mwenzake haujui. Kisheria amekuwa mtu mzima. Msaada aliokuwa akipata kwa sababu ya utoto wake hukoma, naye hutarajiwa kujitafutia makao, riziki na stakabadhi.

Katika Wadi ya Kinakomba, eneo bunge la Galole, Kaunti ya Tana River, jambo hili si la kinadharia. Kando ya Mto Tana huishi Wapokomo wanaolima mahindi, mpunga, ndizi na maembe, na Waorma wanaofuga ng'ombe. Ukame wa kati ya 2020 na 2023 uliangamiza mifugo, kisha mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na ya Aprili na Mei 2024 yakasomba mashamba na nyumba. Kusini zaidi, upande wa Garsen, mapigano ya kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 yaliwaua zaidi ya watu 100. Mtoto aliyekuwa akinyonya wakati kijiji cha Riketa kiliposhambuliwa, Agosti 22, 2012, sasa ni kijana.

Aghalabu yatima huchukuliwa na nyanya, shangazi au ami bila karatasi yoyote kuandikwa. Utaratibu huo umewaokoa wengi, na hakuna afisi ya serikali ambayo ingeumudu. Hata hivyo, nyanya anayejua kulisha na kuvisha hajafunzwa la kufanya na kijana anayeamka usiku akipiga mayowe, anayepigana shuleni kila wiki, au aliyenyamaza kimya tangu siku ya msiba. Kijana wa namna hiyo huitwa mtundu, huchapwa, na mwishowe hutoroka.

Hapo ndipo malezi ya kambo yenye tiba yanapohitajika. Neno kambo lisimpotoshe msomaji. Hapa si mke wa baba wala mume wa mama, bali ni familia iliyoteuliwa kwa mujibu wa sheria kumlea mtoto wa wenyewe kwa muda. Tiba nayo si vidonge. Mlezi hufunzwa kabla ya kumpokea kijana, hupokea mmoja au wawili tu, na nyuma yake huwapo mshauri nasaha anayemtembelea na kupokea simu yake mambo yanapoharibika.

Mfano unaojulikana sana ulianzishwa katika jimbo la Oregon, Marekani, mnamo 1983, na Patricia Chamberlain na wenzake. Mlezi hupigiwa simu kila siku aeleze siku ilivyokwenda. Kijana hupata alama kwa kuamka mapema, kuhudhuria masomo au kuizuia hasira, na alama hizo humwongezea uhuru. Wakati huohuo jamaa zake wa damu hufunzwa, ili akirudi kwao asirudi kwenye ugomvi uleule.

Mpango huo si dawa ya kila kidonda. Ulipojaribiwa Uingereza, tathmini haikuonyesha nafuu kubwa kwa vijana wote kwa jumla. Waliofaidika zaidi ni wale waliokuwa na matatizo makubwa ya tabia. Kwa hivyo si kila yatima wa Kinakomba anayeuhitaji. Wengi huhitaji karo, chakula na mtu mzima asiyebadilika kila mwaka.

Nchini Kenya, mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwatoa watoto katika makao na kuwarejesha kwenye familia. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo inatambua malezi ya kambo, na pia kafala, yaani Mwislamu kumchukua mtoto asiye na wa kumlea kwa kufuata mafundisho ya dini. Kwa kuwa wakazi wengi wa sehemu hii ni Waislamu, kafala huenda ikakubalika kwa urahisi zaidi. Lakini familia zilizofunzwa kuwalea vijana wenye majeraha ya moyoni bado ni haba mno.

Katika kafala, mtoto hubaki na jina la babake mzazi wala hamrithi mlezi. Wapo wanaodhani kwamba hali hiyo humwacha mikono mitupu. Sivyo. Mlezi anaweza kumpa hiba angali hai, iwe mtamba au kipande cha shamba, na anaweza kumuusia hadi thuluthi moja ya mali yake. Kwa kijana anayejiandaa kujitegemea, hiba ya mapema ina maana kuliko maneno matamu ya kumuaga. Kizingiti kipo kwa msichana aliyebaleghe, ambaye hukaa kwa stara katika nyumba ya mwanamume asiye maharimu wake. 

Fedha nazo zina ukomo wake. Familia zinazolea yatima chini ya mpango wa Inua Jamii hupewa Sh2,000 kwa mwezi, lakini msaada huo unawalenga walio chini ya miaka 18. England iliruhusu mwaka 2014 vijana waliolelewa kwa kambo wabaki kwa walezi wao hadi miaka 21 iwapo pande zote zimeridhia. Kenya, mahakama inaweza kurefusha wajibu wa mzazi kupita miaka 18 kukiwa na sababu maalum, ila sharti mtu apeleke ombi, na ni nadra nyanya wa kijijini kufunga safari ya kortini kwa jambo hilo.

Kazi ya kwanza ya mlezi aliyefunzwa ingekuwa stakabadhi. Anayeomba kitambulisho cha kitaifa kwa mara ya kwanza hutakiwa kuonyesha cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi, vitu ambavyo huenda vilisombwa na maji pamoja na nyumba. Sheria inaruhusu kuzaliwa kusajiliwa kwa kuchelewa, na kijana akiwa na miaka 15 au 16 bado wapo wazee na chifu wanaowakumbuka wazazi wake na wanaoweza kumtolea ushahidi.