USINGIZI WA MAMA NI AFYA YA NYUMBA

Somo la Redio kwa Vikundi vya Watu Wazima: Afya ya Nyumbani

Kikundi kilichoketi chini ya mwembe, kikundi kilicho katika darasa la shule, na mama aliye peke yake jikoni akichambua mchele, wote nawasalimu. Mwenyekiti wa kikundi aangalie kwamba kila mtu anasikia vizuri. Mwandishi naye awe tayari na kalamu, maana leo tutafanya hesabu kidogo.

Somo la leo ni usingizi, hasa usingizi wa akina mama. Pengine mtu atacheka na kusema, "Je, usingizi nao wahitaji mwalimu? Hata mtoto mchanga ajua kulala." Ni kweli, ndugu yangu, mtoto mchanga ajua kulala. Lakini mama yake je?

Hesabu ya usiku mmoja

Tumfikirie mama mmoja wa Igoma, hapa Mwanza, kando ya barabara iendayo Musoma. Ana watoto wanne, na wa mwisho bado ananyonya. Kazi yake ni kuuza dagaa sokoni. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, hasa siku za giza la mwezi, na anayetaka mzigo mzuri yampasa kuwahi Mwaloni Kirumba kabla jua halijatoka. Kwa hiyo mama huyu huamka saa kumi ya alfajiri. Jioni hurudi, hupika, huosha vyombo, hufua sare za shule, na kulala kwake ni saa tano ya usiku.

Mwandishi, andika. Tangu saa tano ya usiku hata saa kumi ya alfajiri ni saa 5. Mtoto humwamsha mara mbili, na kila mara ni nusu saa. Toa saa 1. Zimebaki saa 4.

Mwaka 2015 mabingwa wa usingizi wa Marekani walipitia utafiti mwingi, wakakubaliana kwamba mtu mzima apate saa 7 au zaidi kila usiku. Basi mama yetu amepungukiwa saa 3 kwa usiku mmoja. Kwa siku 6 za kazi ni saa 18. Hata akilala mchana kutwa siku ya Jumapili, deni hilo halitakwisha.

Lakini hesabu ya saa si jambo lote. Mwaka huohuo wa 2015 ilitolewa habari ya watafiti waliopima usingizi wa watu 94. Baadhi yao walikuwa Wahadza wa huku kwetu, karibu na Ziwa Eyasi, na wengine walikuwa Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia. Watu hao hawatumii taa za umeme. Usingizi wao ulikuwa kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku, lakini waliolalamika kwamba hawapati usingizi walikuwa wachache sana. Walilala usiku ulipopoa, na waliamka karibu wakati uleule kila siku. Twajifunza nini? Kwamba mwili hupenda saa nyingi za kutosha, na pia hupenda saa zilizo na utaratibu.

Usingizi wafanya kazi gani?

Mtu akilala, mwili haukai bure. Moyo hupunguza kasi, na nguvu ya damu katika mishipa hushuka. Kinga ya mwili hujijenga. Ubongo hupanga mambo ya mchana, yale ya kukumbuka yakahifadhiwa. Hata njaa hutawaliwa na usingizi: asiyelala vya kutosha hutamani kula zaidi, hasa vitu vitamu na vya mafuta.

Kwa sababu hiyo, anayekosa usingizi miezi na miaka yumo katika hatari zaidi ya kupanda kwa shinikizo la damu, kupata kisukari, na kuugua moyo. Kwa mama mjamzito, usingizi mfupi huambatana na shinikizo la damu na kisukari cha mimba. Akili nayo huumia. Mama hukasirika upesi, husahau chumvi katika mboga, huhesabu chenji vibaya, na watu husema amekuwa mkali au mvivu. Kumbe si mkali wala si mvivu. Amechoka.

Tena jambo hili huwapata wanawake kuliko wanaume. Katika tafiti za nchi nyingi, ugonjwa wa kukosa usingizi umeonekana zaidi kwa wanawake. Sababu ni za namna tatu, na yafaa kuzitenganisha, maana kila moja ina dawa yake.

Namna ya kwanza: hana nafasi ya kulala

Huyu ndiye mama yetu wa dagaa. Mwili wake hauna ugonjwa wa usingizi. Akigusa mkeka tu, amelala. Lililo pungufu ni muda. Dawa yake haipatikani hospitali, ipo nyumbani, nayo ni kugawana kazi. Baba aweza kufua sare. Kijana wa kiume wa miaka 12 aweza kuosha vyombo. Kazi hizo mbili zikitoka mikononi mwa mama, atalala saa tatu ya usiku badala ya saa tano. Ndugu zangu wanaume mnaosikiliza, twagawana chakula katika sinia tukihakikisha kila mmoja amepata. Usingizi nao ni chakula. Mbona fungu la mama huwa dogo kuliko la wote?

Namna ya pili: mwili wamzuia

Mwingine ana nafasi, lakini mwili haumruhusu. Tusikilize mazungumzo haya mafupi ya kuigiza, kati ya mama na mkunga katika zahanati.

MAMA: Shikamoo, mama.

MKUNGA: Marahaba, mwanangu. Waonaje hali?

MAMA: Si nzuri, mama. Usiku nikilala miguu hunitambaa kama ina sisimizi ndani. Nikiitikisa napata nafuu, nikiacha huanza tena. Majirani wanasema nimerogwa.

MKUNGA: Wachoka mchana? Kizunguzungu je?

MAMA: Sana. Hata kupanda kilima cha nyumbani napumzika njiani.

MKUNGA: Hebu nione kope na viganja. Vimepauka, mwanangu. Tutapima damu leo. Damu ikikosa madini ya chuma, miguu huweza kusumbua hivyo usiku. Ikiwa ndivyo, nitakupa vidonge, nawe uvimeze mpaka viishe.

MAMA: Kumbe!

Ndugu wasikilizaji, jambo hili si geni kwetu. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2015-16 ulikuta karibu wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Malaria, minyoo, na kichocho cha huku ziwani huongeza tatizo. Mboga za majani, maharage na dagaa husaidia. Chai isinywewe pamoja na chakula, maana huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini.

Mjamzito naye ana taabu yake: kiungulia, haja ndogo kila mara, mgongo kuuma. Kuanzia miezi mitatu ya mwisho alale kwa ubavu, asianze usingizi kwa kulala chali, kwa ajili ya usalama wa mtoto. Akizinduka na kujikuta chali asiogope, ageuke tu. Na siku zote alale ndani ya chandarua.

Wanawake wanaofikia umri wa kukoma hedhi, aghalabu karibu na miaka 50, huamshwa na joto la ghafla na jasho. Hilo si laana, ni mabadiliko ya mwili, na mganga aweza kusaidia. Katika umri huo pia wengine huanza kukoroma sana, pumzi ikikatika na kurudi kwa kishindo. Wanawake huona haya kulisema. Msione haya. Kukatika kwa pumzi usiku hupandisha shinikizo la damu, na kunatibika.

Namna ya tatu: moyo wamzuia

Hapa Igoma yapo makaburi ya ndugu zetu waliokufa meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996. Waliofiwa wajua jinsi usiku ulivyo mrefu. Msiba, deni, ugomvi wa nyumbani, mtoto mgonjwa, vyote hufukuza usingizi. Mara nyingi hurudi wenyewe. Lakini ikiwa mtu hukosa usingizi siku 3 au zaidi kwa wiki, kwa muda wa miezi 3, huo sasa ni ugonjwa, yafaa utibiwe.

Mwangalieni sana mama aliyejifungua. Ikiwa mtoto amelala fofofo na mama bado anatazama dari, analia bila sababu, hana hamu na mtoto, au anasema heri afe, msimcheke wala msimfiche ndani. Mpelekeni kituo cha afya siku ileile, nao waweza kumpeleka Sekou Toure au Bugando. Ugonjwa huu wa huzuni baada ya kuzaa unatibika.

Mambo ya kufanya nyumbani

1. Amka saa ileile kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya.

2. Chai ya rangi na kahawa ziachwe tangu alasiri.

3. Simu iwekwe mbali na kitanda. Mwanga wake huambia ubongo kwamba bado ni mchana.

4. Ukikaa kitandani muda mrefu macho makavu, ondoka. Keti mahali penye mwanga hafifu, fanya kazi nyepesi, urudi ukisinzia.

5. Ukipata nafasi mchana, lala dakika 20 au 30 kabla ya saa tisa.

6. Pombe si dawa. Hulaza upesi, lakini huvunja usingizi usiku wa manane.

7. Usinunue vidonge vya usingizi dukani kwa shauri la jirani. Mwili huvizoea, na humdhuru mjamzito na mtoto anyonyeshwaye. Aliyevitumia muda mrefu asiviache ghafla, bali aongozwe na mganga.

Maswali ya kikundi

Mtakumbuka, au wazee wenu watawaambia, jinsi vikundi vya Mtu ni Afya vilivyofanya mwaka 1973: walisikiliza redio, wakazungumza, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Nasi tufanye hivyo.

Swali la kwanza: Nyumbani kwako nani hulala wa mwisho, na nani huamka wa kwanza? Ni mtu yuleyule?

Swali la pili: Katika kazi za jioni, ni zipi ambazo mtu mwingine aweza kuzifanya?

Swali la tatu: Mama asiyelala katika mtaa wenu, ni wa namna ya kwanza, ya pili, au ya tatu? Aende wapi?

Kazi ya wiki hii ni hii: kila mmoja aandike saa alizolala mama wa nyumba yake kwa usiku 7, kisha ajumlishe. Wanaume ndio waandike, si mama mwenyewe. Wiki ijayo mlete hesabu hiyo, mtuambie ni kazi ipi mmeiondoa mikononi mwake.

Usiku mwema, na mama naye alale. Kwaherini.