Kujiunga na Vipindi vya Elimu ya Anga: Fahamu Unacholipia

Mkazi wa Mwamgongo, mkoani Kigoma, anaweza kutazama kwa simu vipindi vya video vya elimu ya anga vinavyotolewa bila malipo na mashirika kama NASA la Marekani. Kwa mvuvi wa dagaa, siku za mbalamwezi anapopumzika ni wakati mwafaka wa kujifunza. Hata hivyo, neno “kujiunga” hutumika kwa mambo matatu yenye gharama tofauti.

1. Kujiunga na chaneli. Kwa kawaida ni bure. Utaarifiwa kila kipindi kipya kinapotoka.

2. Kujiunga na kifurushi cha intaneti. Hapa ndipo penye gharama. Video ya megabiti 1 kwa sekunde hutumia takribani MB 450 kwa saa. Sauti pekee ya kilobiti 128 hutumia takribani MB 58. Punguza ubora wa picha, na zima mpangilio unaoruhusu simu kupakua vipindi yenyewe.

3. Kujiunga na huduma za ujumbe mfupi. Baadhi hukata salio kila siku hadi utakapojiondoa. Soma masharti kabla ya kukubali.

Una haki ya kuarifiwa matumizi ya kifurushi yanapofikia asilimia 75 na 100. Ukikatwa fedha bila ridhaa yako, tunza ujumbe wa makato na uwasilishe lalamiko kwanza kwa mtoa huduma. Usiporidhika na majibu, lifikishe kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).