Namna Idara za Barabara Zinavyoshirikiana Kuichunguza Njia



Katika mkutano wa matawi ililetwa hoja kwamba chama chetu kiungane na vyama jirani, kila kimoja kitoe fungu lake, ili njia za shamba zipimwe udongo na malori yapimwe mzigo kabla ya kuomba lami. Wengi waliinuka kuipinga. Walisema fedha za njia zitiwe njiani, si katika kupima. Neno hilo lina haki yake. Mtu ambaye karafuu zake zimekwama kilimani huku wingu limefunga hataki kusikia habari za mizani. Lakini kabla ya kura twaona ni vema tueleze jinsi jambo hili lilivyofanywa na wenzetu, hasa Marekani, ambako limefanywa kwa upana kuliko kwingi.

Yafaa ifahamike kwanza kwamba kule barabara kuu haziko mkononi mwa idara moja. Kila jimbo lina idara yake, na serikali kuu huongeza fedha. Mwaka 1914 idara za majimbo zilifanya umoja wao, ukaitwa kwa herufi zake AASHO, na mwaka 1920 likaundwa baraza la uchunguzi wa barabara chini ya jumuiya ya wanasayansi wa nchi ile. Baada ya Vita Kuu ya Pili malori yalizidi ukubwa, barabara zikavunjika, na ugomvi ukawa mkali: nani anaziharibu, na alipe kiasi gani? Jimbo likipima peke yake, wenye malori husema limejipendelea. Wauza saruji nao wana maneno yao, na wauza lami yao.

Basi wakakubaliana kujenga barabara ya kuvunjwa. Mahali palikuwa karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois (si Ottawa ule mji mkuu wa Kanada). Kazi ya kujenga ilianza 1956. Zilijengwa njia sita za kuzunguka, upande mmoja lami na upande wa pili zege, zikagawanywa vipande 836 vya unene mbali mbali. Vingine vilifanywa vyembamba makusudi. Njia moja iliachwa bila lori hata moja ili ionekane hali ya hewa peke yake inafanya nini. Katika zile tano, kila mstari ulipewa mzigo wake usiobadilika, kuanzia ratili 2,000 kwa ekseli moja hadi ratili 30,000. Madereva walikuwa askari wa jeshi. Walianza kuzunguka Oktoba 1958, wakaacha Novemba 1960, na ekseli zilizopita juu ya njia zile zilifika 1,114,000. Gharama yote ilikuwa kama dola milioni 27.

Waliweka pia watu wa kupanda gari na kupita, kisha kila mmoja aipe barabara alama tangu 0 hadi 5 kwa jinsi alivyoiona mwilini mwake. Alama hizo zikalinganishwa na vipimo vya mitambo. Jambo hili limetupendeza, maana mpitaji ndiye ajuaye njia.

Sasa tutazame uendeshaji, ambao ndio uliotufanya tuandike. Majimbo yalitoa mafungu yao, serikali kuu ikatoa lake, jeshi likatoa madereva, na hata watengenezaji wa magari na wauza mafuta walichanga. Lakini msimamizi alikuwa lile baraza la uchunguzi, ambalo halikuwa na barabara wala lori wala pipa la lami la kuuza. Lilikuwa mfano wa msimamizi wa mirathi ambaye yeye mwenyewe si mrithi. Kwa sababu hiyo matokeo yalipotoka hapakuwa na wa kusema kwamba hesabu imepikwa na mwenye fungu kubwa.

Na matokeo yenyewe? Mzigo wa ekseli ukiongezwa mara mbili, madhara ya barabara hayawi mara mbili, bali karibu mara 16. Ekseli iliyofanyiwa hesabu ya tani 10, ukiitia tani 12, inaumiza njia kiasi cha mara mbili. Magunia machache ya juu, ambayo dereva anayaona ni bure, ndiyo yanayokula lami.

Hata hivyo Illinois ni udongo mmoja na hali moja ya hewa, tena ya barafu, na miaka miwili si umri wa barabara. Kwa hiyo mwaka 1987 Bunge la Marekani liliamuru sehemu ndogo sana ya fedha za barabara za majimbo, robo moja ya sehemu moja katika mia, ikatwe kwa muda wa miaka 5. Zikapatikana dola milioni 150. Humo ndimo ulimozaliwa mpango wa kutazama vipande vya barabara zenyewe zinazotumika, zaidi ya 2,500 katika Marekani na Kanada, kwa miaka mingi, na daftari zake kuwa wazi kwa kila mtu.

Mbali na hayo, kila jimbo sharti litenge 2 katika mia ya fungu lake la shirikisho kwa mipango na uchunguzi, na robo ya hizo, au zaidi, iwe ya uchunguzi hasa. Tangu 1962 uko mfuko wa pamoja: majimbo huleta matatizo yao, huchaguliwa yapi yatangulie, na wajuzi wanaosimamia kila kazi hawalipwi mshahara kwa hilo. Iko na njia nyepesi zaidi, ambayo ndiyo iliyo karibu na hoja yetu. Majimbo mawili matatu yenye shida moja huchanga, moja hushika uongozi na hesabu, na taarifa huwa mali ya wote. Minnesota, kwa mfano, ina barabara ya majaribio iliyofunguliwa 1994, yenye mzunguko mdogo ambao lori moja la ratili 80,000 huuzunguka siku za kazi, ili kujua habari za njia zenye magari machache, kama hizi zetu za shamba.

Msidhani mambo haya yaliishia ng'ambo. Kati ya 1971 na 1974 maabara ya barabara ya Uingereza, Benki ya Dunia na serikali ya Kenya zilishirikiana kupima barabara za Kenya, za lami na za changarawe. Walitaka kujua changarawe inapotea kiasi gani, njia inaharibika upesi gani, na mwenye gari anapoteza kiasi gani cha mafuta na mipira. Hesabu za Illinois hazikuwa na jibu kwa mvua na udongo wa huku. Na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2013 imeweka tani 10 kwa ekseli moja yenye magurudumu manne. Mpaka wa namna hiyo hauwekwi kwa kukisia.

Turudi kwenye hoja. Kinachotakiwa si maabara. Kipimo cha udongo ni chuma chenye ncha, kinachopigwa kwa uzito ule ule kutoka kimo kile kile, na kuhesabiwa kinazama kiasi gani kwa kila pigo. Watu wawili watatu waliofundishwa wanaweza kukitumia. Lakini kikinunuliwa na kila chama peke yake, kitalala ghalani mwaka mzima baada ya siku chache za kazi, na kila chama kitakuja na takwimu zake za kubishana na jirani. Lililobaki ni nani ashike hesabu. Sisi twapendekeza asiwe mwenye lori wala mkandarasi, na asiwe sisi wa ofisi hii peke yetu. Kila tawi lilete jina la mtu mmoja kwa karani kabla ya mkutano ujao, pamoja na orodha ya njia zake, na lini kila moja ilitiwa kifusi mara ya mwisho.